Utunzaji wa Mbwa Nyumbani Baada ya Kupasuliwa

Katika mashamba yaliyopakana na pori mbwa si pambo la nyumba. Yeye ndiye azuiaye nguruwe mwitu wakati wa usiku na nyani wakati wa mchana, naye akikosekana juma moja tu mahindi yanapoanza kukomaa, mwenye shamba atajua thamani yake kwa kuhesabu magunzi yaliyotupwa njiani. Kwa hiyo si ajabu kwamba siku hizi wako wakulima wanaokubali kutoa fedha ili mbwa wao jike afungwe kizazi, au mbwa dume ahasiwe, au ili daktari wa wanyama aondoe uvimbe au ashone jeraha la mtego wa waya. Fedha hizo si kidogo kwa mtu ategemeaye shamba. Lakini wengi, wakiisha kulipa na kumchukua mbwa wao nyumbani, hudhani kwamba shughuli imekwisha. Kumbe kazi ya daktari aghalabu huchukua saa moja au pungufu, na kazi ya mwenye mbwa huchukua majuma mawili.

Maelezo haya yamhusu hasa mbwa jike aliyefungwa kizazi, kwa kuwa upasuaji huo hufanywa mara nyingi, na tena hufungua tumbo. Mwenye paka naye ataona mengi yanayomfaa, na pale paka anapohitilafiana na mbwa tutasema.

YALIYOFANYIKA TUMBONI

Yafaa kwanza kujua daktari alifanya nini, kwani mtu asiyejua hulinda ngozi tu na kusahau yaliyo chini yake. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, hunyolewa manyoya ya tumbo, na ngozi husafishwa. Ndipo daktari hukata ngozi, na chini ya ngozi hukata ukuta wa tumbo wenyewe. (Madaktari wengine hupita ubavuni badala ya katikati ya tumbo, utunzaji ni ule ule.) Kwa tundu hilo huzitoa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pamoja nazo, akiisha kuifunga kwa uzi mishipa ya damu iendayo huko. Kisha huushona ukuta wa tumbo, na nyama laini iliyo chini ya ngozi, na mwisho ngozi.

Basi mshono unaoonekana kwa macho ni wa juu tu. Mshono wenye kazi kubwa, uzuiao matumbo yasitoke, umefichwa ndani, na hapana mtu nyumbani awezaye kuutazama. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe baada ya majuma au miezi. Za nje pengine huyeyuka, pengine hapana budi zitolewe na daktari. Muulize kabla hujaondoka kwake, na umwombe aandike katika karatasi jina la dawa, kipimo chake, saa za kuitoa, siku ya kurudi, na namba ya simu itakayopokelewa usiku. Mambo yasemwayo kwa mdomo mlangoni, mbwa akilia na gari likingoja, husahauliwa kabla ya kufika nyumbani.

USIKU WA KWANZA

Mbwa atokaye katika usingizi wa dawa hana akili zake zote. Huyumbayumba, hulialia, na huweza kutomtambua hata yule amlishaye. Hali hiyo hupungua kwa saa chache, na mabaki yake kwa kawaida huisha katika muda wa siku moja. Wakati huo asilazwe juu ya kitanda au baraza refu asije akaanguka, wala asiachwe pamoja na mbwa wengine, maana humnusa dawa wakamwona mgeni na kumshambulia. Awekwe ndani, penye sakafu kavu, juu ya gunia safi lililofuliwa na kuanikwa. Gunia lililokuwa na mbolea ya dukani au dawa ya pamba lisitumiwe hata likifuliwa mara kumi.

Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na tumbo lililonyolewa halina koti. Katika nchi za milimani baridi ya alfajiri yaweza kumdhuru mbwa ambaye jana yake angelala nje bila neno. Afunikwe blanketi kuukuu. Akiendelea kutetemeka, mpe chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kinene. Lakini isiguse ngozi, kwa maana mnyama aliyelewa dawa hasikii kuungua, wala hana nguvu za kujiondoa. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haionekani wala hainuki. Humwua mbwa, na humwua pia mtu aliyelala kando yake kumlinda.

Akiweza kusimama na kumeza vizuri, apewe maji kidogo kidogo. Jioni apewe kama robo ya chakula chake cha siku zote: ugali laini kwa supu ya samaki au ya nyama isiyo na mafuta. Mifupa asipewe. Mchuzi wa nyumbani nao asipewe, kwa sababu ya vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ya paka zaidi, na mnyama aliyekwisha kupoteza damu mezani kwa daktari hana damu ya kuchezea. Akitapika mara moja usiku huo si jambo la kutisha. Akitapika tena na tena, daktari aarifiwe. Kikohozi kidogo kwa siku moja au mbili chaweza kutokea, kwani alitiwa mpira katika koo ili apumue. Choo kikubwa pia chaweza kukosa siku mbili au tatu, maana alikwenda kupasuliwa hali tumbo lake ni tupu. Mkojo lakini usikose siku nzima. Na mbwa ambaye saa 24 zimepita hajataka kula chochote, hali yake iulizwe.

HABARI YA VIDONGE

Huruma imewaua wanyama wengi kuliko ukatili katika jambo hili. Mtu humwona mbwa wake akitetemeka na kuguna, naye vidonge vyake mwenyewe vya kichwa viko rafuni. Huvunja kimoja akakificha katika nyama. Kwa paka, parasetamoli ni sumu kabisa: kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumwua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kuchukua hewa, na fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu. Kwa mbwa, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu huzinunua kwa ajili ya mgongo na magoti, hutoboa tumbo na kuharibu figo. Hapana hesabu ya kugawa kidonge cha mtu mara mbili au mara nne itakayokifanya kiwe salama.

Maumivu yapo, na ni haki yatulizwe. Mbwa mwenye maumivu hukunja mgongo, hakai mahali pamoja, hutweta ijapokuwa hakuna joto, hujificha, au hunguruma aguswapo tumboni. Wengine hunyamaza tu na kukataa chakula. Daktari anazo dawa zilizotengenezwa kwa wanyama, naye huzipima kwa uzito wa mwili. Zitolewe pamoja na chakula, kwa saa zilizoandikwa. Zikiwa hazitoshi, piga simu. Usiongeze wala usichanganye.

Akipewa dawa za kuua vijidudu, zimalizwe kama zilivyoandikwa, hata kama mbwa anacheza. Asipopewa, usimnunulie. Iko desturi ya kuzifungua zile kapsuli za rangi mbili za duka la dawa na kunyunyiza unga wake juu ya mshono. Unga huo hushikamana na majimaji ya jeraha, hufanya gamba, na chini ya gamba usaha hukaa bila kuonekana.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya meno. Mbwa mpole kuliko wote, akiguswa panapomuuma, aweza kumng'ata hata mwenyewe. Achaguliwe mtu mmoja wa nyumbani, aliyezoeana naye, awe ndiye wa kumpa dawa na kumtazama. Watoto wakae mbali. Aliyeng'atwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

VITU VISIVYOPAKWA

Kila kijiji kina dawa yake ya kidonda: majivu, tumbaku iliyotafunwa, mafuta ya taa, samli, chumvi, kinyesi cha ng'ombe, girisi ya gari, na siku hizi maji ya betri. Wazee waliotumia baadhi ya vitu hivi hawakuwa wajinga. Walikuwa na vidonda vilivyokwisha kuoza, na walitafuta cha kufukuza nzi. Lakini mshono wa daktari si kidonda kilichooza. Ni jeraha safi, na usafi wake umegharimiwa.

Mwaka 1865, katika mji wa Glasgow nchini Uskochi, daktari Joseph Lister alipokea mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gari la farasi, mfupa wa mguu ukavunjika na ngozi ikapasuka. Siku zile jeraha la namna hiyo mara nyingi lilioza, mgonjwa akakatwa mguu au akafa. Lister alifunika jeraha kwa kitambaa kilicholowekwa katika dawa ya karboliki, na mtoto akapona na mguu wake. Mwaka 1867 akaandika habari zake na za wagonjwa wengine katika gazeti la madaktari. Jambo lililothibitika baadaye ni kwamba uozo hauzaliwi na jeraha lenyewe. Huletwa kutoka nje na vijidudu visivyoonekana, kwa mikono, na vitambaa, na vumbi. Basi yule apakaye kinyesi juu ya mshono anarudisha kwa kiganja chake kile ambacho daktari alikiondoa kwa sabuni na kwa kuchemsha vyombo. Walakini mtu asidhani kwamba kwa habari hii atumie dawa kali za kunukia, zile za kuoshea vyoo na sakafu. Hizo huunguza nyama changa inayojaribu kuungana, na paka azirambapo hudhurika.

Mshono mzuri haupakwi kitu. Utazame asubuhi na jioni penye mwanga, bila kuugusa. Siku za kwanza kingo zake zaweza kuwa nyekundu kidogo na kuvimba kidogo, na tone moja au mawili ya maji yenye wekundu yaweza kuonekana. Kila siku uwe afadhali kuliko jana. Ukiona siku ya tano ni mbaya kuliko siku ya tatu, hapo pana jambo. Mbwa asioshwe, asiingie mtoni, wala asipigwe dawa ya kupe ya ng'ombe, mpaka daktari aruhusu. Na hiyo dawa ya ng'ombe nami naona heri asipigwe hata akiisha kupona, kwa kuwa zimo zilizo sumu kwake.

SIKU YA TATU NA YA NNE

Sasa tumefika mahali penye taabu kubwa, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: mbwa hujisikia vizuri mapema mno. Usingizi umemtoka, dawa ya maumivu inafanya kazi, njaa imerudi. Siku ya tatu hutikisa mkia. Siku ya nne hutaka kwenda. Yeye hajui kwamba alipasuliwa. Mwenye mbwa naye akiona hivyo humfungulia kwa furaha.

Mwili lakini una hesabu yake. Siku za kwanza mwili huwa ungali unaosha jeraha na kuondoa vilivyokufa. Nyuzinyuzi mpya za kuunganisha nyama ndipo zinapoanza kufumwa. Mwisho wa juma la kwanza ngozi iliyoungana haina hata sehemu 10 kwa 100 za nguvu zake za zamani. Baada ya majuma 3 ina kama sehemu 20 au 30. Baada ya miezi 3 hufika karibu sehemu 80, wala haipiti hapo sana maisha yake yote. Kwa hiyo siku ya nne kinachoshika tumbo ni uzi na mafundo ya daktari. Na kila mara mbwa anaporuka, matumbo yote husukumwa kwa nguvu juu ya mafundo hayo.

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na mbwa jike mwekundu, hodari sana kwa nyani. Alimfunga kizazi kwa shauri letu, akamfunga kamba siku tatu kama alivyoambiwa, naye akanung'unika kwamba mbwa anateswa. Siku ya nne nyani waliingia katika mahindi ya bondeni. Nilipopita jioni nilimkuta barazani.

“Shikamoo, mzee. Mgonjwa hajambo?”

“Marahaba, Bwana Shamba. Mgonjwa gani? Amepona. Leo amewafukuza nyani mpaka ng'ambo ya mfereji.”

“Ameuruka mfereji?”

“Kwenda na kurudi, mwanangu. Wewe mwenyewe tazama mshono, haukufunguka.”

Kweli, ngozi ilikuwa imefungana vizuri, haina hata tone la damu. Lakini kando ya mshono palikuwa na uvimbe laini kama yai, uliobonyea ulipoguswa taratibu na kurudi tena. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, na utumbo umeteremka chini ya ngozi. Usiku ule ule walimchukua kwa pikipiki, ndani ya kapu kubwa, mmoja akiendesha na mwingine amempakata. Daktari alimfungua na kumshona mara ya pili. Mbwa alipona, lakini mzee alilipa tena, na zaidi ya mara ya kwanza kwa kuwa ilikuwa usiku. Yule mbwa hakurudi shambani msimu ule, na mahindi ya bondeni yalilindwa na wajukuu wawili waliokosa shule kwa zamu. Mzee mwenyewe ndiye awaambiaye watu habari hii sasa, tena kwa ukali kuliko mimi.

Basi kwa muda wa siku 10 mpaka 14 mbwa akae ndani, au afungwe kwa kamba fupi kivulini. Atoke kujisaidia akiongozwa kwa mkono, dakika chache, mara nne au tano kwa siku, na kurudi. Asipande ngazi wala kurukia gari. Asiachwe amefungwa mahali pa wazi huku nyani au mbwa wengine wanapita mbele yake, kwani ataivuta kamba siku kutwa, na kuvuta ni kazi kama kuruka. Mbwa aliyezoea uhuru atalia siku mbili za kwanza. Kumkalia karibu, kumpa mfupa wa kuchezea usiovunjika, au kugawa chakula chake katika sehemu nyingi ndogo humtuliza. Kumpiga hakufai kitu.

ULIMI NA NZI

Watu wengi husema kwamba mate ya mbwa ni dawa. Ni kweli kwamba mate yana nguvu kidogo juu ya vijidudu fulani. Lakini kinywa cha mbwa kina vijidudu vyake vingi, na ulimi ni kama msasa, na meno ya mbele hukata uzi kwa dakika moja. Mishono mingi iliyofunguka usiku ilifunguliwa na mwenye tumbo.

Madaktari huuza kitu cha plastiki chenye umbo la faneli, kivaliwacho shingoni, ambacho hupita pua ya mbwa ili mdomo usifike tumboni. Asiyeweza kukinunua aweza kutoboa kitako cha ndoo nyepesi ya plastiki, kwa tundu linalopita kichwa, akashona kitambaa kinene kuzunguka ukingo usichubue, na kukifunga kwa ukanda wa shingoni. Vidole viwili viweze kupita kati ya ukanda na shingo. Kivuliwe wakati wa kula tu, mtu akiwa amesimama hapo. Mbwa atagonga milango na kukasirika, kisha atazoea.

Njia nyingine ni fulana kuukuu ya mtoto. Miguu ya mbele huingia mikononi, na pindo hufungwa fundo juu ya mgongo ili tumbo lote lifunikwe. Ni nyepesi, na huzuia vumbi pia. Lakini mbwa mjanja huirarua, na ikiloa mkojo ibadilishwe mara moja. Hapa uko mtego ambao watu wa nchi za joto yapasa waujue. Yuko nzi ambaye hutaga mayai juu ya nguo zenye unyevu na mchanga wenye harufu ya mkojo. Mabuu yake huingia katika ngozi na kufanya majipu. Fulana hiyo, na kitambaa cha kulalia, zikianikwa nje zipigwe pasi ya moto pande zote mbili kabla ya kumvika, kama vile nguo za mtoto mchanga zinavyopigwa.

Nzi wa kijani ni adui mwingine. Hao hutafuta jeraha lenyewe, na katika joto mayai yao huanguliwa kwa muda usiozidi siku moja. Chandarua kilichochakaa, kikitundikwa juu ya mahali pa kulala na kingo zake zikichomekwa chini ya gunia, chatosha kuwazuia. Kinyesi kiondolewe mara. Ukiona mabuu yamekwisha kuingia katika mshono, usimwage mafuta ya taa. Mpeleke mbwa, maana hujui yamefika wapi.

DALILI ZA KUTONGOJA ASUBUHI

Katika siku ya kwanza kitu cha kuogopwa zaidi ni damu ivujayo ndani, uzi wa mshipa ukiwa umeteleza. Hakuna damu itakayoonekana nje. Inua mdomo wa juu utazame fizi. Fizi za mbwa wengi mzima ni za rangi ya waridi; ukizibonyeza kwa kidole huwa nyeupe na kurudi rangi yake kwa muda wa sekunde mbili au pungufu. (Mbwa mwenye fizi nyeusi, vuta chini kope la jicho na kutazama ndani yake.) Fizi zikiwa nyeupe kama karatasi, mbwa amelegea, tumbo linajaa, pumzi ni za haraka, basi saa hiyo hiyo aende.

Joto la mbwa hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta kidogo na kutiwa taratibu katika njia ya haja kubwa. Kwa mbwa mzima ni kati ya digrii 38.3 na 39.2, yaani juu kuliko la mtu, na wengi hudanganyika kwa kugusa pua au masikio. Likizidi 39.5, na mbwa amenyong'onyea, daktari aarifiwe. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe wa moto, uvimbe laini kama ule wa mbwa wa mzee, au kingo za mshono zimeachana.

Ikitokea kwamba mshono umefunguka na utumbo umetoka nje, usiurudishe. Chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yaliyotiwa chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai katika nusu lita, uufunike utumbo, kisha uzungushe shuka au kanga tumboni, isikaze sana. Mzuie asirambe wala asiung'ate. Asipewe maji wala chakula, kwani atalazwa tena kwa dawa ya usingizi. Wengi wa hao huokoka wakifika mapema.

KURUDI KAZINI

Nyuzi za nje, kama si za kuyeyuka, hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na daktari au msaidizi wake. Ziachwapo mwezi mzima ngozi huzimeza na kufanya vidonda. Mshono uliopona ni mstari mkavu, umefungana kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini yake huenda ukasikia ugumu mdogo kama kamba; huo hulainika kwa majuma. Manyoya hurudi kwa miezi michache, pengine kwa rangi iliyokolea kidogo.

Juma la tatu mbwa atembezwe kwa kamba, kila siku mbali zaidi kidogo. Kwa mbwa wa nyumba ndogo, anayebweka tu langoni, hapo shughuli imekwisha. Kwa mbwa wa nguruwe na nyani mimi humshauri mwenye shamba angoje mpaka mwezi utimie, na amwonyeshe daktari kwanza. Kuruka mfereji na kupambana na dume la nguruwe si matembezi. Mbwa dume aliyehasiwa aweza bado kuzalisha kwa majuma kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kutoka katika mapumbu hubakia njiani. Basi atengwe na majike kwa mwezi mmoja au zaidi.

Jike aliyefungwa kizazi huhitaji chakula pungufu kuliko zamani, kama robo hivi, na huku hamu yake ya kula huongezeka. Akiachiwa chungu cha makombo atanenepa kabla ya mvua za pili, na mbwa mnene hawafikii nyani. Mbavu zake ziguswe kila mwezi: zisionekane kwa mbali, lakini vidole vizihesabu bila kubonyeza.